Riwaya za mawakili na kesi: burudani tu, au na fasihi imo?

Swali: "Maalim, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, kwetu Wete. Kaka yangu anafanya kazi hoteli moja Nungwi, na wageni wakiondoka huacha vitabu. Humo nimepata riwaya za John Grisham na Scott Turow, nikazisoma mpaka nikakosa usingizi. Mhadhiri mmoja aliniona na kimoja akaniambia ni vitabu vya kupoteza muda, fasihi haimo na sheria haimo. Je, ni kweli? Na kwa nini sisi Zanzibar hatuna vya namna hii vya kwetu?"

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha riwaya kwa miaka mingi, na neno hilo la mhadhiri wako nimelisikia likisemwa juu ya karibu kila kitabu ambacho watu wanakisoma kwa hiari yao bila ya kuwekewa mtihani. Sikubaliani naye, ingawa ukweli kidogo anao. Vitabu ulivyovitaja havilingani. Vimo ambavyo ukifika ukurasa wa mwisho umemalizana navyo, na vimo ambavyo ukishajua nani kaua ndipo unapotamani kuvirudia. Mhadhiri wako kavitia vyote kapu moja.

Kwanza burudani yenyewe, kwa sababu watu huizungumzia kama aibu. Kumzuia mtu asiweke kitabu chini mpaka usiku wa manane ni ufundi, na unafundishika. Chukua The Firm, riwaya ya Grisham iliyotoka 1991. Mitch McDeere, kijana aliyekulia katika umasikini, anamaliza sheria Harvard na kuchukuliwa na kampuni ya mawakili ya mjini Memphis. Anapewa mshahara mnono, gari jipya la BMW, mkopo nafuu wa nyumba, na deni lake la masomo analipiwa. Kurasa nyingi za mwanzo ni za neema tu, nasi tunafurahi pamoja naye. Halafu taratibu tunaanza kujiuliza: ukarimu wote huu wa nini? Tunakuja kujua kwamba kampuni ile inawafanyia kazi wahalifu wa Chicago, na kwamba mawakili waliotaka kuondoka wamekufa. Makachero wa FBI nao wanamtaka Mitch awatolee siri.

Fundo lake limefungwa kwa kanuni moja tu ya sheria: wakili haruhusiwi kutoa siri ya mteja wake. Akinyamaza, siku kampuni ikikamatwa atafungwa pamoja nao. Akisema, anapoteza uwakili wake na pengine roho yake. Hapo ndipo riwaya ya sheria inapoachana na hadithi ya kipelelezi ya kawaida. Kinachombana mtu si bastola peke yake, ni kanuni ambayo wewe unaisoma darasani kwa uvivu, na Grisham kaigeuza ikawa mtego. Na kumbuka kwamba kitabu kizima hakina kesi yoyote kubwa inayounguruma mahakamani. Sheria inafanya kazi maofisini, kwenye mafaili na ankara za wateja.

Lakini nikiulizwa kama The Firm ni fasihi nzito, nitasema hapana. Wabaya wake wanabaki wabaya vilevile mwanzo hadi mwisho, sehemu ya mwisho imekuwa ya kujificha na kufukuzana huko Florida, na Mitch mwenyewe hajiulizi sana kwa nini ile pesa ilimpendeza kiasi kile. Swali hilo lilikuwa wazi mbele ya mwandishi, akalipita. Nimekisoma kwa raha, na sijawahi kuhisi haja ya kukirudia.

Presumed Innocent ya Turow, iliyotoka 1987, ni kitabu cha daraja nyengine. Turow alikuwa mwendesha mashitaka wa serikali ya shirikisho huko Chicago kabla ya kupata jina katika riwaya, na jinsi anavyozijua korido za mahakama utaiona kila ukurasa. Msimulizi wake, Rusty Sabich, ni naibu mwendesha mashitaka mkuu. Mfanyakazi mwenzake, mwanamke aliyewahi kuwa na uhusiano naye wa siri, anauawa nyumbani kwake. Sabich anapewa jukumu la kuisimamia kesi, halafu mambo yanageuka na mshitakiwa anakuwa yeye.

Nataka uitazame bilauri. Katika nyumba ya marehemu imeonekana bilauri yenye alama za vidole vya Sabich. Maabara imezithibitisha, ripoti imeandikwa. Lakini inapofika wakati wa kuitoa mahakamani kama kielelezo, bilauri haionekani. Ripoti ipo, kitu chenyewe hakipo. Upande wa utetezi unaishikilia nafasi hiyo kwa nguvu zote: mnamshitaki mtu kwa kitu ambacho hamwezi kukiweka mezani? Kwa msomaji wa burudani hiyo ni hamasa tupu, nani kaichukua. Kwa msomaji wa fasihi bilauri ile inabeba jambo zito zaidi. Kila mtu mle mahakamani anajua kwamba iliwahi kuwapo, lakini kisheria inakuwa kama haikuwapo. Riwaya za aina hii zinapata nguvu zao katika nafasi hiyo hasa, baina ya jambo lilivyokuwa na jambo linavyoweza kuthibitishwa. Mwandishi mdogo huiziba nafasi hiyo haraka kwa shahidi anayetokea dakika ya mwisho. Turow anaiacha wazi, na mtu mzima anaishi ndani yake.

Jaji anaifuta kesi kabla juri, yaani raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi, haijapewa nafasi ya kuamua. Sabich yuko huru. Ukweli wa nani aliyeua unakuja baadaye, nje kabisa ya mahakama, na sitautaja kwa ajili ya wasomaji wengine. Wewe umekisoma, kwa hiyo unajua kwamba uamuzi wa jaji haukumaliza kitu nyumbani kwa mtu yule. Sheria imemhesabu hana hatia, kama inavyotakiwa imhesabu kila mshitakiwa mpaka ithibitishwe vyengine, lakini haikuwa na uwezo wa kumrudishia maisha aliyokuwa nayo. Isitoshe, mtu huyu kwa miaka alikuwa akiwasimamisha wengine kizimbani kwa uhakika wa moyo, na sasa anatambua jinsi utaratibu uleule unavyoonekana kwa anayeshitakiwa. Mimi hiyo naiita fasihi bila ya kusitasita, hata kama jalada lake lina herufi za dhahabu na liliuzwa uwanja wa ndege.

Baina ya hivyo viwili ninakiweka kitabu cha kwanza cha Grisham, A Time to Kill, cha 1989. Grisham alikuwa wakili wa mji mdogo Mississippi, na siku moja mahakamani alimsikia msichana mdogo aliyebakwa akitoa ushahidi. Riwaya ilizaliwa hapo. Mchapishaji wake wa mwanzo alikuwa mdogo na alichapa nakala 5,000 tu; kilikuja kusomwa na watu wengi baada ya The Firm kumpatia jina. Carl Lee Hailey, baba Mmarekani mweusi, anawapiga risasi na kuwaua wazungu wawili waliombaka binti yake wa miaka 10. Anawaua ndani ya jengo la mahakama, tena mbele ya askari. Hakuna wa kutafutwa, aliyeua anajulikana. Kinachotafutwa ni kama watu 12 wa juri, katika mji ule wenye ubaguzi ule, wataweza kumuona kuwa ni baba kama wao.

Kuna jambo moja hapo ambalo wengi hawalijui kwa sababu wameona filamu tu. Katika filamu, wakili ndiye anayewaambia watu wa juri wafumbe macho, wafikirie yaliyompata mtoto yule, halafu wafikirie kama mtoto angelikuwa mzungu. Katika kitabu sivyo. Wakili hayasemi hayo. Ni mwanamke mmoja miongoni mwa watu wa juri, ndani ya chumba kilichofungwa, anayewaomba wenziwe wafumbe macho. Filamu ilihitaji shujaa wa kutazamwa, na simlaumu mtengenezaji. Lakini kitabu kina busara zaidi. Maneno ya mawakili yote yamekwisha, na kilichobaki ni raia wa kawaida kuambizana ukweli mahali ambapo hakuna jaji wala mwandishi wa habari anayewasikia. Ukiwa mwanafunzi wa sheria, pita tena katika kurasa zile.

Hata hivyo kitabu hicho kinanitia wasiwasi, na nadhani kinapaswa kukutia wewe. Kinatufanya tumshangilie mtu aliyejichukulia sheria mkononi. Grisham anaipanga huruma yetu mapema mno, kiasi kwamba ifikapo hukumu hatuna tena uhuru wa kuamua. Kama angewapa wale waliouawa sura ya ubinadamu hata kidogo, swali lingekuwa zito mara mbili.

Sasa kuhusu kusemwa kwamba kitabu kinachopendwa na wengi hakiwezi kuwa fasihi. Bleak House ya Charles Dickens, ambayo leo inasomeshwa vyuoni, ilitoka kwa vipande kila mwezi, 1852 mpaka 1853, watu wakisubiri kipande kijacho kama watu wa siku hizi wanavyosubiri tamthilia. Humo mna kesi ya mirathi iliyorithiwa kizazi kwa kizazi mpaka mali yote ikaliwa na gharama za kesi yenyewe. Na sisi tuliosoma skuli za Tanzania tumekua na Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969. Kilele chake ni kesi: mdai ana mkataba unaompa ratili moja ya nyama ya mdeni wake, na mwanamke aliyejigeuza mwanasheria anaukubali mkataba ule herufi kwa herufi, kisha anamwambia mdai akate nyama lakini asimwage damu. Shakespeare aliandika hivyo kwa watu waliolipa kiingilio. Kama kuvuta watu kwa kesi ni kosa la kifasihi, basi kosa hilo ni la siku nyingi na wakosaji wake ni wakubwa.

Kwenye sheria mhadhiri wako ana haki zaidi. Riwaya hizi zinakupa picha ya mahakama ambapo kila jambo huamuliwa kwa kesi kamili, hotuba na mshangao. Marekani kwenyewe zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za jinai zinatokana na mshitakiwa kukubali kosa kwa makubaliano, bila ya kesi kusikilizwa. Kwa hiyo usijifunze utaratibu humo. Unachoweza kujifunza ni namna swali la dodoso, la kumhoji shahidi wa upande wa pili, linavyojengwa hatua kwa hatua, namna wakili mzuri anavyojua kukaa chini kabla hajauliza swali moja zaidi ya yanayotosha, na namna ushahidi mmoja unavyobadilika maana kwa kufuatanishwa na mwengine. Hayo vitabu vya kanuni haviyasemi vizuri.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo lenye nyama. Si kweli kwamba hatuna asili ya mambo haya. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, na humo akatuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na sahibu yake Najum. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina deni kwa mtu huyo wa Unguja. Lakini tazama mambo yanavyomalizika katika hadithi za Bwana Msa: watu wamekaa, yeye anafumbua, kila mmoja anashika mdomo, kitabu kinakwisha. Akili imeshinda. Baada ya hapo, je, maelezo yale yangesimama mbele ya hakimu? Nani angekuwa shahidi, nani angekataa kuapa, ndugu gani angebadilisha maneno? Hadithi zetu za upelelezi zimezoea kuishia mlangoni mwa mahakama.

Sababu moja naiona katika mahakama zenyewe. Mwandishi wa Kimarekani amepewa jukwaa tayari: watu 12 wasiojua sheria, wanaopaswa kushawishiwa kwa maneno. Kwetu anayeamua ni hakimu, na kwa miaka na miaka kazi ya kuyaandika maneno ya mashahidi ilikuwa ya mkono wake mwenyewe. Ukikaa nyuma katika mahakama ya wilaya utaona shahidi anaanza kwa kasi, "nikamuona anatoka dirishani na…", na hakimu anamwambia, "Subiri, niandike." Kimya. Kalamu inakwenda. Mshitakiwa anamkodolea macho shahidi, shahidi anatazama sakafu, na wakili wa upande wa pili anapata muda wa kutafakari swali lake. Halafu kesi inaahirishwa kwa sababu shahidi wa pili hakufika, na watu waliotoka Konde kwa daladala wanarudi walikotoka. Anayetaka kuandika riwaya ya sheria ya Zanzibar kwa mwendo wa Grisham atashindwa. Hamasa yetu imo katika kile kimya na katika zile wiki za kuahirishwa, maana ndani ya wiki hizo ndipo wazee wanapokwenda nyumbani kwa shahidi usiku kumwambia mwanangu, mambo haya tuyamalize kifamilia.

Na historia imetupa mambo makubwa kuliko ya kubuni. Baada ya kuuawa Rais Abeid Amani Karume, Aprili 1972, ilifuata kesi ya uhaini hapa Zanzibar katika zama za mahakama za wananchi, ambazo mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Hebu fikiria riwaya ya kesi isiyo na wakili wa utetezi: mshitakiwa yuko peke yake na maneno yake. Njoo mbele mpaka mwaka 2000. Watu 18 walikuwa rumande kwa shitaka la uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kwamba uhaini ni kosa linalotendwa dhidi ya dola, kwamba dola yenye mamlaka hayo ni Jamhuri ya Muungano, na kwa hiyo kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar. Pima hali hiyo kwa jicho la mwandishi. Mtu yuko ndani, kosa lake likithibitika ni kifo, na kinacholivunja shitaka lenyewe ni hoja ambayo wengi wa wanaomuunga mkono wasingependa kuisikia ikitamkwa: kwamba nchi yao kisheria si dola. Anatoka akiwa huru, na hajui afurahi kwa kiasi gani. Turow angetoa mengi apate fundo kama hilo.

Lakini usilazimike kwenda kwenye siasa. Pemba kwenu kuna mashamba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa ardhi kwa eka tatu tatu, na leo watoto na wajukuu wa waliopewa wanadaiana: nani alipewa, nani aliuza, na alikuwa na haki ya kuuza? Ongeza desturi yetu kwamba mikarafuu inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwengine. Ongeza kwamba karafuu mnunuzi wake halali ni shirika la serikali, ZSTC, na kwamba magendo ya karafuu kwa majahazi ya usiku ni hadithi ambayo kila mtu wa pwani ya Pemba anayo. Ndani ya vitu vitatu hivyo kuna riwaya nzima, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kuazimwa Memphis.

Mimi ningependa zaidi uiangalie mahakama ya kadhi. Ndiko yanakopelekwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, na mara nyingi anayedai ni mwanamke. Anadai matunzo, anadai talaka, anadai fungu lake kwenye nyumba ambayo kaka zake wamekwisha kuigawana. Kadhi anajaribu sulhu kabla ya kuhukumu, kwa hiyo mvutano si wa kushinda na kushindwa tu. Mdai analazimika kuamua mbele ya watu anaowajua ni kiasi gani cha siri ya nyumba yake yuko tayari kukisema ili haki yake ionekane. Shahidi ni shangazi yake. Mdaiwa ni baba wa watoto wake, na jioni watakutana njia moja. Sijasoma riwaya ya Kiswahili iliyokaa ndani ya chumba hicho kutoka mwanzo hadi mwisho, na nina hamu nayo sana.

Kwa hiyo endelea kusoma vitabu vya wageni, na Presumed Innocent ukisome mara ya pili kwa vile sasa unajua mwisho wake. Fuatilia Sabich anasema nini na anakwepa nini. Siku huna vipindi, nenda Mahakama ya Kadhi hapo Wete, uombe ruhusa kwa karani ukae nyuma usikilize. Usiandike chochote ukiwa mle. Ukirudi nyumbani andika ukurasa mmoja juu ya siku ambayo kesi iliahirishwa, siyo siku ya hukumu. Badilisha majina, kijiji na aina ya mali inayogombaniwa, tena ubadilishe vizuri, maana watu wa Wete wanaweza kumjua mwenye kesi kwa kutajiwa mkarafuu wake tu. Ukishakuwa na kurasa kumi niletee nizisome.